Hedifoni Niliyoivisha Satini

Mwanangu Mejumaa,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Hapa naanza na maneno yenyewe. Umekwenda Kikoneni kumuaga bibiyo, na namjua bibiyo, hatakuachilia kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina alasiri nzima na hili daftari langu la vipimo. Usishangae ukigeuza ukurasa ukakuta kifua na kiuno cha Bi Mwanamkuu. Karatasi nyingine sina.

Sitakuandikia habari za kula, kufua wala kufunga mlango. Una miaka kumi na tisa, na mambo hayo umeyafanya humu ndani tangu kimo chako kikiwa hakijafika meza ya cherehani. Kesho unavuka feri kwenda kuanza kazi Mombasa, kazi ambayo mimi niliuliza mara tatu kabla sijaielewa: kukaa mbele ya kompyuta, kuvaa hedifoni, na kuwajibu watu wanaocheza gemu wakikwama. Mtu amelipia gemu haifunguki, anakupigia wewe. Mtu ameijenga timu yake ya mpira mwaka mzima, asubuhi anaamka haioni, anakulilia wewe. Na wewe mwenyewe ni mchezaji, uchungu wake unaujua. Alhamdulillahi. Naandika hapa kibarazani nikicheka peke yangu, na wapita njia wananiangalia.

Lakini kuna jambo nililokuficha, nalo ni la ile simu ya kwanza ya usaili wa kazi, ile uliyoshindwa. Sitaki uvuke maji hujalijua. Nitalisema. Nipe nafasi nianze mwanzo, maana nikilitaja hivi hivi litaonekana dogo kuliko lilivyo.

Unajua nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, shule nimeiachia darasa la nane, babako amekwishakwenda Vanga kuoa kwingine. Shangazi yangu akanikalisha kwenye cherehani yake na kuniambia, "Shona, usizungumze." Nikashona. Kitu cha kwanza nilichoshona kikawa changu mwenyewe kilikuwa kifuniko cha redio. Redio yenyewe ilikuwa ya shangazi, ila nilipoivisha kile kitambaa chenye lesi nikaona kama na mimi nina kitu duniani. Basi tangu siku hiyo sikukoma. Hewa ya hapa Msambweni ina chumvi, hula chuma mpaka kijiko, na mimi hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu. Friji ina nguo. Televisheni ina nguo. Chupa ya chai ina nguo na mkanda. Bi Mwanamkuu kila akija kupima dera husema, "Riziki, siku moja kuku akisimama sana mbele yako utamshonea foronya." Wewe ulikuwa ukicheka hadi unakaa chini.

Sasa kumbuka mwaka jana, ulipopata ile laptopu kuukuu na kuanza kuzungumza habari za kuomba kazi hii. Ulikuwa ukichapa kwa kibodi ya laptopu yenyewe, ambayo herufi ya A ilikuwa haishiki mpaka uikandamize kama unaua kunguni. Ukicheza, ulikuwa unacheza na kile kimausi chenye waya uliofungwa plasta. Nilikuwa nashona sare za shule kila siku hadi macho yanawasha, nikiweka kidogo kidogo, nikataka nikuletee vitu vyenye hadhi bila wewe kujua.

Nikaenda Ukunda peke yangu. Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilikwenda kununua vitu vya mikono yako bila kuichukua mikono yako.

Yule kijana wa duka, yule wa bara ambaye sasa anakuita bingwa, aliniwashia vyote mbele ya macho. Kibodi inawaka. Mausi inawaka. Hedifoni inawaka masikio yote mawili, nyekundu inakuwa kijani, kijani inakuwa buluu. "Mathe," akaniambia, "hii ndiyo wasee wote wa gemu wanachukua. Ukizima taa, rumu yote inakuwa disco." Kwao mathe ni mama, na wasee ni vijana wenzao. Mimi nikaangalia zile rangi nikaona vitambaa vya harusi. Nilichagua kama ninavyomchagulia bibi harusi: kinachong'aa zaidi ndicho kinachoonyesha unampenda. Sikuuliza uzito. Sikuuliza sauti inaingilia wapi. Nilirudi na mfuko nimeupakata kama mtoto.

Wewe ulilia ulipoufungua. Nikaona nimefaulu. Na wiki hiyo hiyo, ulipokuwa umekwenda Gazi kwa rafiki zako, nikachukua futi langu nikazipimia zile hedifoni, nikazishonea kava. Satini ya buluu iliyobaki kwenye gauni la mtu, na pamba ndani ili masikio yako yasichomwe na ile ngozi ya plastiki. Nilizivisha zote, nje na ndani, zikawa kama mito miwili midogo. Kibodi nikaiwekea nailoni juu, ile laini, nikaibana pembeni kwa mpira wa suruali. Uliporudi ukanibusu mkono. "Mama, hata sokwe hawezi kuziharibu," ulisema. Ukazitumia hivyo hivyo kwa ajili yangu. Nilijua baadaye kwamba ulikuwa ukiiondoa ile nailoni ukianza kucheza na kuirudisha ukimaliza. Lakini satini hukuigusa. Na kwa kuwa ulikuwa ukicheza peke yako bila kuzungumza na mtu, hakuna aliyejua lolote.

Kisha ikaja siku ya simu. Mimi nilikuwa upande huu wa pazia nakata kanzu. Nilikusikia ukisema, "Naam, nawasikia. Nyinyi mwanisikia?" Ukasema tena. Ukapandisha sauti. Ukaipandisha tena hadi Bi Mwanamkuu akaja kuuliza nani anagombana. Mwisho ukatoka, ukakaa kwenye jamvi, ukaniambia wamesema sauti yako haiko wazi na hawawezi kuendelea.

Nikakuambia watapiga tena. Hawakupiga. Ikaja barua fupi kwenye simu kwamba kwa sasa hukuchaguliwa, kwa kuwa kazi yahitaji sauti inayosikika vizuri. Ukaisoma mara moja. Ukaniambia, "Ni mimi, mama. Sauti yangu nzito. Nikisema Kizungu chatoka Kidigo, nikisema Kiswahili chatoka Kidigo. Wao wataka sauti za kule kwao." Ukazikunja hedifoni ukazirudisha kwenye boksi.

Siku ya pili nilizitoa nizifue kava, ndiyo kazi niliyoiona mbele yangu. Nilipofumua ile ya kushoto nikaona, chini kabisa ya sikio, kitundu. Kidogo, sindano namba kumi na sita ingetosha kukipita. Nikachukua lile boksi nikaangalia picha zake, kidole juu ya kila mstari, na pale kwenye kitundu pamechorwa mdomo wa mtu na mawimbi yakiingia. Hedifoni ile haikuwa na kile kimkono kinachokuja mbele ya kinywa. Maiki yake ilikuwa ni kile kitundu. Nami nilikiwekea pamba, nikakifunika na satini, nikakipiga mshono wa kurudia ili isifumuke.

Ndivyo ilivyokuwa, Mejumaa. Sauti yako haikuwa na kosa lolote. Walikuwa wakikusikiliza kupitia mto.

Nilipaswa kukuita pale pale. Ulikuwa uani unaanika nguo, hatua kumi tu. Nilisimama na ile satini mkononi, nikasikia haya, haya ya kijinga, ya mtu aliyeishia darasa la nane na kununua kitu asichokijua. Nikaogopa utaniona mjinga. Nikachagua wewe ujione mbovu kuliko mimi nionekane mjinga. Nimelisema sasa, limetoka.

Na hilo si kosa la siku moja. Miezi minne uliishi na lile neno la sauti nzito, nami nilikuwa nikiliona. Uliacha kuimba ukifua. Ukimwita mtu barabarani unamwita kwa mkono. Nikajiambia nitalitengeneza kwa njia nyingine, bila kusema. Mafundi ndivyo tulivyo, tukiharibu nguo ya mtu tunapenda kuirekebisha usiku mmoja na kumrudishia kama haikuguswa. Sauti ya mtu hairekebishiki hivyo.

Ile ofisi ilipotangaza tena kutafuta watu, ulikataa hata kulisoma tangazo. Ndipo nikakuambia vaa buibui twende Ukunda. Ukasema, "Mama, shida si vitu, shida ni mimi." Nikajibu, "Basi niandamane na shida yangu." Ukacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Siku ile ya Ukunda naikumbuka kuliko harusi yoyote niliyowahi kuishonea. Nimekuzaa mwenyewe, lakini mkono wako sikuwa nimewahi kuupima. Nilikusimamisha mbele ya yule kijana, nikatoa futi, nikapima kutoka kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, kisha upana wa kiganja. Yeye akaweka mikono kiunoni.

"Mathe, hii ni mausi, si blauzi."

"Baba," nikamwambia, "blauzi ikimbana mtu huivua. Hii ataishika kutwa."

Kumbe ile ya kwanza ilikuwa imetengenezwa kwa mkono wa mtu mrefu. Ndiyo maana ulikuwa ukijipaka mafuta ya karafuu kwenye kifundo kila jioni ukidhani ni baridi. Tukazishika zote alizokuwa nazo, wewe umefumba macho ili rangi zisikudanganye. Ile uliyoichagua ilikuwa nyeusi, nyepesi, haina taa hata moja, na kidole gumba chako kilivikuta vile vitufe vyake viwili vya ubavuni bila kutafuta. Kijana akatuonyesha kitufe cha katikati cha kubadili mwendo wa mshale: ukifanya kazi ya kusoma na kuandika unaupunguza, ukicheza unauongeza. Kazi na mchezo kwenye kitu kimoja, nikasema hii ndiyo.

Kwenye kibodi ndipo ulipoamka. Ulitaka ile yenye springi chini ya kila kitufe, ile inayolia ta-ta-ta, kwa kuwa ukicheza vidole vyako huisikia kabla ya macho. Mimi nikasema, na mteja aliyekasirika akisikia ta-ta-ta, si atadhani yuko juu ya mabati wakati wa mvua? Tukabishana pale dukani kama wanawake wawili waliokutana kwenye kitambaa kimoja cha mwisho. Kijana akaenda nyuma akaja na nyingine, ya springi vilevile, lakini vitufe vyake vikishuka vinashuka kwa adabu. Na ilikuwa fupi, haina zile namba za upande wa kulia. Hilo nililipenda kabla hajalieleza. Kwenye meza yangu mkasi ukikaa mbali, bega huuma kabla ya mkono. Kibodi ikiwa fupi, mausi inasogea karibu, na bega linatulia.

Kisha hedifoni. Hapo mimi nilikuwa na sababu yangu, na wewe hukuijua. Nilimwambia kijana sitaki kuziona, nataka kuzisikia. Akaniangalia. Nikamwambia aziunganishe kwenye kompyuta yake, wewe uvae, unipigie simu, na mimi nitoke nje. Akasema, "Mathe, leo utafungua maboksi yote ya hili duka." Nikamwambia mteja wangu huvaa nguo kabla hajaichukua, na yeye kama anaogopa vitu vyake kujaribiwa, anaogopa nini hasa. Akafungua.

Ya kwanza iliteleza juu ya ushungi wako ikaanguka. Ya pili ilibana pini za ushungi ukakunja uso. Ya tatu ilikuwa na kimkono cha maiki mbele kabisa ya kinywa, wazi, kinaonekana, na mito yake ni ya kitambaa kinachopitisha hewa. Nikatoka nayo ile simu yangu, nikasimama ng'ambo ya barabara karibu na wauza nguo za mitumba, bodaboda zinapita. Nikaiweka sikioni.

"Mama, wanisikia? Huyu baba hapa asema ukikaa huko dakika tano zaidi atakuajiri."

Mejumaa, nilikusikia kama anavyokusikia mtu asiyekujua. Sauti nzito, ndiyo. Nzito kama godoro jipya, mtu aweza kulala juu yake. Kila neno limefika na mkia wake. Hakuna haraka ndani yake. Nikawaza, mtu aliyepoteza kitu chake na moyo unamwenda mbio, angependa amsikie nani kuliko huyu? Ukaniuliza mbona kimya. Nikakudanganya kuwa kuna lori linapita. Nilikuwa nalia kwenye rundo la mashati ya mitumba, na yule muuzaji ananiuliza kama nimeibiwa.

Ile jioni nilikushonea ushungi wa kazi, pamba nyembamba upande wa masikio, hauna pini hata moja, na juu utosini nikaweka kipande kisichoteleza ili ule upinde wa hedifoni ukae. Hicho ndicho kitu pekee nilichokishona safari hii. Hedifoni zenyewe sikuzigusa. Bi Mwanamkuu aliziona mezani ziko uchi, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Ukaomba tena, na siku ya simu ya pili nilizima cherehani. Bi Mwanamkuu alikuwa hapa anangoja dera lake, nikamkalisha na kidole mdomoni. Tulikuwa tunakusikia wewe tu, wao walikuwa ndani ya masikio yako. Ulianza na ile sauti uliyojifunza kwenye simu, ya kubana pua, ya kukimbia. "Hi, yeah, my name is Mejumaa." Bi Mwanamkuu akaninong'oneza, "Huyu nani?" Nikaona sasa inapotea tena, na safari hii bila satini.

Kisha nadhani yule bwana aliyekuwa akikusaili akaanza kukujaribu, akajifanya mteja mwenye hasira. Halafu nikakusikia wewe mwenyewe ukirudi.

"Pole sana, ndugu yangu. Hilo hata mimi lingeniuma. Hebu nipe jina lako kwanza, nikuite kwa jina. Kisha tutakwenda mimi nawe taratibu, na sitaikata simu mpaka tuione hiyo timu yako." Na chini yake, vidole vinachapa jina lake, pole pole, kwa adabu.

Simu ikaisha. Ulitoka na hedifoni shingoni, uso hauna rangi, ukasema, "Ameniuliza kama ninaweza kuongea hivyo na watu wote. Nimemwambia ndivyo ninavyoongea. Amesema nianze Jumatatu." Bi Mwanamkuu akapiga vigelegele hadi majirani wakadhani umeolewa, na alipoulizwa umeolewa na nani akawajibu, "Na kompyuta, na mahari wameleta wao." Na Jumamosi yake ukaenda Ukunda na kibodi yako kwapani na mausi mfukoni, ukawafunga wale vijana wa ukumbi wa gemu mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa duka akatangaza kwamba yeye ndiye aliyekuvisha. Muongo. Lakini nilimwacha aseme.

Ungeweza kuniuliza, kama yote yamekwenda vizuri, kwa nini niyafukue haya leo. Kwa sababu juzi nilikusikia chumbani, unajizoeza tena ile sauti ya pua. Ukamwambia binamuyo kwenye simu, "Siku ile nilibahatika, lakini ofisini lazima nibadilike, sauti yangu ilishanifelisha mara moja." Hapo nikajua kwamba vitu vyote tulivyovichagua kwa makini, kibodi ya adabu na mausi ya kipimo chako na maiki iliyo wazi, vitakwenda kubeba sauti ya mtu mwingine, kwa ajili ya mshono wangu. Sauti yako haijawahi kukufelisha, mwanangu. Haijawahi hata mara moja. Mara ile iliyoshindwa, haikufika kwao.

Mimi nilifundishwa kwamba ukikipenda kitu ukifunike. Niliambiwa nishone nisizungumze, nikatii, na sikuona ubaya wake hadi nilipokufanyia wewe. Sasa nakwenda nikijifunza kukiacha kitu kiliwe kidogo na chumvi, ilimradi kinafanya kazi yake. Ofisini watakupa vifaa vyao, huenda vikawa vizuri kuliko hivi. Vishike kwanza kwa mkono wako. Omba uvijaribu. Mtu akikuambia wasee wote wanachukua hiki, mwambie hao wasee hawana mkono huu. Hilo ndilo ninalolijua, na nimelipata kwa gharama yako.

Jua limeanza kulala na najua utakuwa umepanda gari kurudi. Barua hii sitaitia kwenye begi lako uikute huko ng'ambo ukiwa peke yako. Nitakupa mkononi ukishakunywa maji, na utaisoma hapa mbele yangu. Ukifika pale kwenye satini utainua macho, na nitakuwa nimekaa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, haki ni yako. Ila usiibane hasira yako puani, na usiifanye ndogo kwa kunihurumia. Nipe kwa sauti yako yote, ile nzito. Sitakukatiza. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Mungu akufungulie, na akufikishe salama.

Mimi mamako,
Riziki